Maisha ya Marjorie Oludhe Macgoye

Kabla ya kusoma wasifu huu, mwalimu mtarajiwa akumbuke tofauti tuliyoieleza kati ya viambishi vya wakati -li- na -na-. Matendo ya mtu aliyefariki husimuliwa kwa -li-, kwa sababu yamekwisha. Matendo ya wahusika wa riwaya, kwa desturi, husimuliwa kwa -na-, kwa kuwa hurudiwa kila kitabu kinapofunguliwa. Nyakati hizo mbili zinakutana hapa.

Marjorie Phyllis King alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1928 katika mji wa bandari wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa tabaka la wafanyakazi, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 25, alisafiri hadi Nairobi kuuza vitabu kwa niaba ya Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana.

Nairobi ya mwaka huo ilikuwa mji wa hofu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952 ili kuwakomesha wapiganaji wa Mau Mau. Mwezi Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji, yakawakamata watu kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Waafrika walitengewa mitaa ya upande wa mashariki, na mmojawapo wa mitaa ya zamani zaidi ulikuwa Pumwani: nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha, ambamo Mswahili, Mkikuyu, Mjaluo na Mkamba walitenganishwa na ukuta mmoja tu. Msomaji wa Kigali anayeijua Biryogo hatapata shida kuuona mtaa huo. Muuza vitabu huyo kijana alikwenda Pumwani, akawajua wanawake walioishi humo, na yale aliyoyaona yalikaa moyoni mwake zaidi ya miaka 30 kabla hayajawa riwaya.

Mwaka 1960 aliolewa na D. G. W. Oludhe Macgoye, Mjaluo aliyefanya kazi ya tiba. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa nadra sana katika koloni ambamo rangi ya ngozi iliamua mtu alale mtaa gani. Alilea watoto wanne, akafundisha shule mjini Kisumu, na mwaka 1964, Kenya ikiwa imepata uhuru miezi michache tu iliyopita, akachukua uraia wake. Diwani yake ya mwaka 1977 inaitwa Song of Nyarloka. Nyarloka ni neno la Kijaluo linalounganisha nyar, yaani binti, na loka, yaani ng'ambo. Kwa Kiswahili tungesema binti wa ng'ambo. Jina hilo ni la mkwe na la mgeni kwa pamoja, na ndani yake limo swali zito: aliyezaliwa ng'ambo atapata wapi haki ya kuyasema maisha ya msichana wa Nyanza? Kwa maoni yetu, alilijibu kwa uangalifu wa mambo madogo ambayo mpita njia hayaoni: chumba kimoja kinavyogawanywa kwa pazia, mgeni wa kutoka kijijini anavyolazwa, mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi.

Kati ya mwaka 1971 na 1975 alisimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akarudi Nairobi kusimamia duka la S. J. Moore. Wakati huo shairi lake la A Freedom Song lilikuwa limekwisha kujulikana Afrika Mashariki yote. Shairi hilo linamhusu Atieno, mtoto wa miaka 8 anayefanya kazi za nyumbani kwa mjomba wake bila kulipwa, na anayekufa akijifungua angali msichana mdogo. Tendo lenyewe halina ukatili wa dhahiri. Mjomba anajiona mtu mwema. Walimu wengi wamelifundisha shairi hilo darasani huku mtumishi wa umri kama huo akiwasubiri nyumbani kwao.

Riwaya iliyompa jina ni Coming to Birth, yaani kufikia kuzaliwa, iliyotoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kutoka katika garimoshi mjini Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani. Mimba yake inaharibika. Akitoka hospitali anapotea njia, katika mji wenye doria na vizuizi, na anapofika nyumbani mumewe anampiga. Miaka inapita, ndoa inalegea, Paulina anajifunza kazi za mikono na kujitegemea Kisumu. Huko anapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo anauawa kwa risasi mwezi Oktoba 1969, siku ambayo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali na askari wakaufyatulia risasi umati. Tukio hilo la Kisumu ni la kweli. Katika vitabu vya historia huandikwa kama mgogoro kati ya Kenyatta na Oginga Odinga. Katika riwaya ni mama aliyebaki na nguo ndogo zisizo na mwenyewe.

Baadaye Paulina anarudi Nairobi kuwa mtumishi katika nyumba ya mbunge. Kutoka jikoni anasikia habari za kuuawa kwa J. M. Kariuki mwaka 1975, na safari hii hanyamazi. Hadithi inafika mwaka 1978, Paulina akiwa na mimba tena na Martin akiwa amerudi kwake. Hivyo nchi nzima inapita mbele ya mlango wa mwanamke ambaye hakuna aliyemwomba maoni.

Mwaka 1987 alitoa The Present Moment, kitabu ambacho sisi tunakiona bora zaidi ingawa husomwa na wachache. Wanawake wazee wanaishi pamoja katika makao ya wasiojiweza jijini Nairobi. Mmoja anakumbuka ujana wake katika mashamba ya kahawa ya walowezi, mwingine kambi za askari alikoishi kama mke wa mwanajeshi, mwingine mitaa ya Mombasa. Kumbukumbu zao zinarudi hadi mwanzo wa ukoloni, na watoto wengi waliowazaa wametangulia kufa au hawajulikani walipo. Msomaji wa Kiswahili aliyeipenda Kuli ya Adam Shafi, inayosimulia wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, atakutana hapa na wake na mama wa watu kama wale.

Ziliandikwa nyingine pia. Chira, ya mwaka 1997, inaugusa ukimwi Nairobi wakati ambapo familia nyingi zilikuwa bado zinautaja kwa majina mengine. Riwaya ya A Farm Called Kishinev ilitoka mwaka 2005, mwandishi akiwa na miaka 76. Marjorie Oludhe Macgoye alifariki Nairobi tarehe 1 Desemba 2015. Alikuwa ameishi Afrika Mashariki kwa miaka 61.