Mwalimu Adolf Anderssen wa Breslau

Katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Ufalme wa Prussia, alizaliwa Adolf Anderssen tarehe 6 Julai 1818. Katika mji huo alisoma, na humo akafundisha hesabu miaka mingi katika shule kubwa ya wavulana. Hakuoa, alikaa na mama yake mjane na dada yake katika nyumba ndogo, akiwatunza kwa mshahara wake.

Lakini sifa yake ilienea Ulaya yote kwa ajili ya sataranji, mchezo aliofundishwa na baba yake alipokuwa na miaka tisa. Wasomaji wasioujua wafahamu kwamba ni vita ya watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64, kila mmoja na kete 16, naye afungiaye mfalme wa mwenzake njia zote ndiye mshindi. Kete moja Waingereza huiita askofu, bali Wajerumani huiita mpiga mbio, na mimi nadhani Wajerumani wametuheshimu zaidi sisi watu wa kanisa.

Mwaka 1851 Waingereza waliita mabingwa wa mataifa London. Anderssen alisitasita kwa ajili ya gharama za safari, ndipo Howard Staunton, bingwa wa Uingereza, akaahidi kumlipia kwa fedha zake mwenyewe kama asingepata zawadi. Basi akaenda, na Staunton huyo huyo akashindwa na mgeni wake, michezo minne kwa mmoja. Katika watu 16 Anderssen akawa wa kwanza.

Siku zile zile alicheza na Lionel Kieseritzky, si kwa mashindano, ila kwa kujifurahisha tu. Akaacha askofu wake achukuliwe, kisha ngome zote mbili, mwisho hata malkia. Na kwa kete ndogo tatu zilizobaki akamfunga mfalme wa mwenzake. Kieseritzky hakuuficha mchezo huo, bali aliuchapisha mwenyewe katika gazeti lake la Paris. Watu wameuita mchezo usiokufa, na hata leo wanafunzi wa sataranji huucheza tena hatua kwa hatua.

Hata mwaka 1858 akatokea kijana Mmarekani, Paul Morphy, mwenye umri wa miaka 21, ambaye hakuna aliyeweza kumshinda. Anderssen hakuweza kuiacha shule, akangoja likizo ya Krismasi, akasafiri mpaka Paris. Angeweza kukaa kwake na kuilinda sifa yake; wengi wangemsamehe. Morphy alikuwa mgonjwa hotelini, hata hivyo katika michezo 11 alishinda saba, Anderssen miwili, na miwili ikawa sare. Mwalimu hakutafuta udhuru wa safari, wala wa kukosa mazoezi. Alikiri waziwazi kwamba kijana yule amemzidi nguvu, kisha akarudi Breslau kwa wanafunzi wake.

Morphy aliacha mashindano upesi, bali Anderssen aliendelea. Mwaka 1862 alishinda tena London. Mwaka 1866 akashindwa na Wilhelm Steinitz, michezo minane kwa sita, pasipo sare hata moja. Mwaka 1870, vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipokuwa vimeanza, alikuwa wa kwanza Baden-Baden, mbele ya Steinitz, naye ana miaka 52. Mwaka uliofuata akashindwa na Johannes Zukertort, kijana aliyejifunza kwake Breslau.

Moyo wake uliharibika, akafa Breslau tarehe 13 Machi 1879. Katika Vita Kuu ya Pili kaburi lake liliharibiwa na mabomu, na baada ya vita mji ukawa wa Poland, ukaitwa Wrocław. Ndipo mwaka 1957 Wapolandi wa chama cha sataranji wakamzika upya Mjerumani yule katika makaburi ya Osobowice, mjini humo humo.