Ukuta wa Belfast Hausimulii Yote

Katika barabara ya Falls, jijini Belfast, Ireland Kaskazini, kuna ukuta uliochorwa sura ya kijana mwenye nywele ndefu na tabasamu pana. Kijana huyo ni Bobby Sands, aliyefia gerezani mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 27. Wageni kutoka pembe zote za dunia husimama hapo wakapiga picha. Sina ugomvi na mchoro huo. Ninachokipinga ni mazoea ya kudhani kwamba aliyeiona sura ukutani ameyajua maisha ya mwenye sura.

Sands alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika familia ya Kikatoliki iliyoishi miongoni mwa Waprotestanti, viungani mwa Belfast. Utotoni alicheza kandanda katika timu moja na vijana wa Kiprotestanti. Machafuko yalipozuka mwishoni mwa miaka ya sitini, ujirani huo ulivunjika. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akaanza kujifunza kazi ya kuunda mabasi, lakini vitisho vya wafanyakazi wenzake vikamwondoa. Mwaka wa 1972 familia yake ilifurushwa nyumbani kwao, ikahamia mtaa wa Twinbrook. Mwaka uo huo alijiunga na IRA, jeshi la siri lililopigana kuiondoa Uingereza katika Ireland Kaskazini.

Mwaka wa 1973 alifungwa kwa kupatikana na bastola. Aliachiliwa mwaka wa 1976, na kabla ya mwaka huo kwisha akatiwa mbaroni tena, baada ya duka la samani kulipuliwa kwa bomu. Mahakama haikumtia hatiani kwa mlipuko huo, bali ilimhukumu miaka 14 kwa sababu ya bastola iliyokuwa katika gari alimokamatwa pamoja na wenzake.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuondoa hadhi maalumu waliyokuwa nayo wafungwa wa aina yake. Wao wakakataa kuvaa sare za wahalifu, wakajifunika mablanketi matupu. Tangu 1978 walikataa hata kuoga, wakapaka kinyesi kwenye kuta za vyumba vyao. Katika uvundo huo Sands aligeuka mwalimu. Aliwafunza wenzake lugha asilia ya Ireland kwa kupaza sauti kupitia milango, akawasimulia riwaya nyakati za usiku, akaandika mashairi na makala kwenye karatasi za msalani zilizotoroshwa nje kwa siri.

Tarehe 1 Machi 1981 alianza kususia chakula. Tarehe 9 Aprili, akiwa angali mfungwa na mwili umemdhoofika, alichaguliwa kuwa mbunge wa Fermanagh na South Tyrone kwa kura 30,493 dhidi ya 29,046 za Harry West. Serikali ya Margaret Thatcher haikulegeza kamba. Tarehe 5 Mei, siku ya 66 ya mgomo wake, alikata roho. Wenzake tisa walimfuata kaburini kabla ya mgomo kukoma mwezi wa Oktoba. Bunge la Uingereza nalo lilibadilisha sheria ili wafungwa kama yeye wasiweze tena kugombea viti.

Ni katika miezi hiyo ambapo vijana wa mitaa ya Kikatoliki walishika brashi kwa wingi. Kabla ya hapo, michoro mikubwa ya ukutani ilikuwa zaidi desturi ya Waprotestanti, waliomchora Mfalme William wa Tatu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zikawa gazeti la wasio na gazeti.

Hata hivyo, ukuta huchagua. Asubuhi aliyofariki Sands, umati wenye hasira uliipiga mawe lori ya mchuuzi wa maziwa jijini Belfast. Mchuuzi huyo na mwanawe wa miaka 14 walifariki kwa majeraha waliyoyapata. IRA nayo iliua takribani watu 1,700 katika vita vile vya miaka thelathini, wakiwemo walinzi wa magereza na raia wasio na silaha. Nao pia walikuwa na sura na tabasamu zao.

Kumbukumbu hii haifuti ujasiri wa Sands, wala ujasiri wake haufuti kumbukumbu hii. Nionavyo mimi, mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi mchoro ule hana budi kumweleza mambo yote mawili: jinsi dhuluma ilivyomtoa kijana uwanjani ikamtia bunduki mkononi, na bunduki hiyo iliwaelekea akina nani. Mwanafunzi akishayapima yote, amheshimu Sands au amlaumu kwa hiari yake. Lakini asiuachie ukuta kazi ya kufikiri kwa niaba yake.