Mbaraka Mwinshehe: gitaa lililonyamaza Mombasa

Huku Mara tunajivunia litungu, sawa. Ila ukiongelea gitaa, mzee yeyote pale Mukendo atakutajia Mbaraka Mwinshehe. Mzaliwa wa 1944, alijiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965, kijana mdogo tu. Alitunga, aliimba, na solo alipiga mwenyewe; akinyamaza yeye, gitaa linaendeleza stori. Mkuu wa Mkoa Dk. Kleruu alipouawa Iringa, Mbaraka alimwimbia. 1970 bendi ikafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. 1973 akajitoa, akaanzisha Super Volcano. Kibao chake Shida kikatikisa mpaka Kenya, na ni huko huko, Mombasa, ajali ya gari ilimuua Januari 1979. Alikuwa na miaka 34.