Willis Carrier na Mtambo wa Kupoza Hewa

Ukisimama mjini Same asubuhi, mara nyingi utaona vumbi likipeperuka barabarani, hali milima ya Upare iliyo juu ya mji imevaa ukungu. Je, umewahi kujiuliza sababu yake? Upepo utokao Bahari ya Hindi huipanda milima hiyo kwa upande wa mashariki. Hewa ipandapo hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi. Mvuke hugeuka kuwa matone, nayo mvua huangukia misitu ya Chome na mashamba ya tangawizi ya Mamba. Hewa hiyo iteremkapo upande wa Same huwa imekwisha kuacha maji yake mlimani. Hupata joto tena na kuwa kavu.

Likumbuke jambo hilo, kwani mtu utakayesoma habari zake hapa alijenga mtambo ufanyao kazi kama hiyo ndani ya nyumba.

Willis Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1876, shambani karibu na kijiji kiitwacho Angola, jimbo la New York, Marekani. (Kijiji hicho si nchi ya Angola unayoijua katika ramani ya Afrika.) Alipokuwa mdogo, hesabu za sehemu zilimshinda kabisa. Mama yake akamtuma kuleta matufaha, akayakata nusu, robo na thumni, akamfanya ajumlishe na kutoa vipande mpaka akaelewa. Mama huyo alifariki Willis alipokuwa na umri wa miaka 11.

Kwao hapakuwa na fedha nyingi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cornell, alikata majani na kuchochea matanuri katika nyumba za watu ili apate chakula na malazi. Alihitimu mwaka 1901, akaajiriwa na kiwanda cha mapangaboi mjini Buffalo.

Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn kilikuwa taabuni. Picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine. Siku za unyevu karatasi ilinyonya mvuke na kutanuka, hivyo rangi ya leo haikuangukia mahali pa rangi ya jana. Kazi nyingi iliharibika. Carrier, kijana wa miaka 25, alichora mpango wa kupitisha hewa juu ya mabomba yenye maji baridi ili mvuke ugande kuwa matone. Basi utaona kwamba kiyoyozi cha kwanza hakikutengenezwa kwa ajili ya watu, bali kwa ajili ya karatasi!

Mwaka huo huo, akingoja gari moshi katika stesheni ya Pittsburgh, alizungukwa na ukungu. Akawaza hivi: ukungu ni hewa iliyoshiba maji, lakini kwa kuwa ni baridi, maji yenyewe ni machache. Basi hewa ikipitishwa katika manyunyu ya maji baridi, itashiba kwa kiasi kidogo tu. Ikipashwa moto baadaye, itakuwa kavu. Kukausha hewa kwa maji! Wengi wangeliona wazo hilo kuwa upuuzi, lakini lilikuwa sahihi, nalo ndilo lile lile la milima ya Upare. Mwaka 1906 alipewa hataza ya mtambo huo.

Kampuni yake ilipopunguza kazi hiyo, yeye na wahandisi wenzake sita walianzisha yao wenyewe mwaka 1915. Mwaka 1925 walipoza ukumbi wa sinema wa Rivoli mjini New York. Carrier alifariki tarehe 7 Oktoba, 1950.

Manyunyu ya Carrier yaliosha vumbi pia. Viyoyozi vya nyumbani vya siku hizi havina manyunyu. Vina chujio na mabomba yenye gesi baridi. Katika nyumba yenye kiyoyozi kikuu, mtambo mmoja husukuma hewa hadi vyumba vyote kwa njia za bati. Mahali penye vumbi kama Same, chujio huziba upesi. Hewa isipopita, mabomba hupoa kupita kiasi na kufunikwa na barafu. Mashine itanguruma, lakini vyumba vitabaki na joto. Kwa hiyo chujio hukaguliwa kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa kwanza kwenye swichi kuu. Lile la kuoshwa huoshwa kwa maji na sabuni, likaanikwa kivulini hadi likauke. Bomba linalotoa maji nje huzibuliwa. Gesi usiiguse; hiyo ni kazi ya fundi. Baadhi ya gesi za zamani ziliharibu tabaka la ozoni, hata mataifa yakakubaliana mjini Montreal, mwaka 1987, kuziacha.

Sasa jaza bilauri maji yenye barafu, uiweke mezani. Matone yaliyo nje yake yametoka wapi? Kama unaishi Same na una ndugu Mamba, mwombe afanye vile vile saa ile ile, kisha mlinganishe ni bilauri ya nani iliyolowa kwanza.