John Newton: Mtunzi wa Amazing Grace

Kuna wimbo mmoja ambao kwaya yetu haihitaji kufungua kitabu ili kuuimba. Tumeuimba arusini na mazishini, kwenye mikesha na kwenye harambee, na sauti zote nne zinajua pa kuingilia. Wimbo huo ni Amazing Grace. Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 50 ya uimbaji, tumeona vyema tuwasimulie ninyi wapendwa mliokuja kusherehekea nasi maisha ya aliyeutunga, John Newton wa Uingereza.

Wengi wetu tulisimuliwa habari zake kwa ufupi: kwamba alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, akakutwa na dhoruba, akaokoka, akaiacha biashara ile papo hapo na kuandika wimbo. Ni hadithi tamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Safari yake ilikuwa ndefu zaidi, na ndiyo maana inatufaa.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alimfundisha Maandiko na tenzi angali mdogo, lakini alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Baba yake alikuwa nahodha, na mvulana akaanza safari za bahari akiwa na miaka 11. Alikua kijana mkaidi, mwenye kinywa kichafu. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la wanamaji. Alipotoroka alikamatwa tena na kuchapwa viboko, kisha akahamishiwa meli iliyokuwa ikienda Afrika Magharibi.

Huko, kwenye visiwa vilivyo karibu na pwani ya Sierra Leone, alimtumikia mfanyabiashara wa watumwa. Alipougua, mke wa tajiri wake alimnyima chakula na kumdhihaki. Waliomhurumia ni watumwa. Wakiwa wamefungwa minyororo, walimgawia kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Tulipolisoma jambo hili tulinyamaza. Mikono ya Waafrika waliofungwa ilimlisha mtu ambaye baadaye angewauza ndugu zao.

Machi 1748, akirudi nyumbani kwa meli iitwayo Greyhound, dhoruba kali iliivunja meli na maji yakaingia. Newton alipiga pampu hadi nguvu zikamwishia, kisha akashika usukani kwa saa nyingi, akiyawaza maisha yake na kumlilia Mungu. Baada ya wiki nne hivi meli ilitia nanga Ireland, chakula kikiwa kimekwisha. Tangu hapo aliiadhimisha siku ile kila mwaka kuwa mwanzo wa kurudi kwake kwa Mungu.

Hata hivyo, alirudi kwenye biashara ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha. Jumapili aliendesha ibada kwa mabaharia wake, na chini ya sitaha walilala watu waliotiwa pingu. Kumbukumbu alizoandika mwenyewe zinaonyesha kwamba waliopanga kuasi aliwatesa kwa chuma cha kubana vidole gumba. Wala hakuacha kwa kuchomwa na dhamiri. Aliacha kwa sababu aliugua ghafla, akalazimika kuaga bahari.

Alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, na mwaka 1764 akawekwa kuwa mchungaji katika mji mdogo wa Olney. Waumini wake wengi walikuwa maskini waliosuka lesi. Akishirikiana na rafiki yake, mshairi William Cowper, aliwatungia nyimbo za mikutano ya maombi. Amazing Grace ilitungwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773, ikachapishwa mwaka 1779 katika kitabu chao chenye nyimbo 348. Ile sauti tunayoijua leo yeye hakuisikia kamwe. Maneno yake yaliunganishwa nayo Marekani mwaka 1835, na William Walker.

Wimbo ule unataja kipofu aliyepata kuona. Lakini mwaka ule wa 1773 macho ya mtunzi wake hayakuwa yamefunguka yote, kwa maana alikuwa bado hajasema lolote hadharani dhidi ya biashara ya watumwa.

Ilimchukua miaka 34 tangu kuacha bahari. Mwaka 1788 alichapisha kijitabu akiungama aliyoyatenda na kueleza aliyoyaona melini, kisha akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Ni yeye pia aliyemshauri kijana William Wilberforce asiache siasa, na Wilberforce ndiye aliyeipigania hoja ile bungeni mwaka baada ya mwaka. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo katika himaya ya Uingereza ilipitishwa Machi 1807. Newton, akiwa na miaka 82 na macho ya mwili yamefifia, alifariki Desemba mwaka huo huo.

Habari zake zinafika hadi kwetu. Katika kundi la wachungaji ambalo Newton alisaidia kulianzisha, ndimo lilimozaliwa mwaka 1799 shirika la CMS. Shirika hilo ndilo lililomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na katika miaka ya 1870 likafungua Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele yake ingali ipo Mombasa.

Mambo ya Walawi sura ya 25 yatufundisha kwamba yubile ni mwaka wa kuwaachilia waliofungwa. Ndiyo sababu tumemkumbuka Newton leo. Neema ilimshika baharini, lakini ilimchukua miaka mingi kuwatambua watu waliokuwa chini ya miguu yake alipokuwa akiomba. Sisi nasi tumeimba miaka 50. Tunapoanza mingine, tujiulize ni nani analia chini ya sitaha yetu tunapoimba juu: jirani, mfanyakazi wa nyumbani, ndugu tuliyemnyima haki yake. Tusingoje miaka 34.

Bwana asifiwe.