Mary Carpenter, Mtetezi wa Watoto Wafungwa

Wengi hupenda kusimulia habari za wafalme na majemadari. Mimi leo nawaletea mama mmoja ambaye vita vyake vilikuwa vya kuwatoa watoto gerezani.

Mary Carpenter alizaliwa mwaka wa 1807 mjini Exeter, Uingereza. Baba yake, mchungaji na mwalimu, alimsomesha Kilatini na hesabu pamoja na wavulana, jambo la nadra enzi hizo. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Bristol. Huko, mwaka wa 1846, Mary alifungua shule ya watoto maskini waliovaa matambara.

Jamani, nyakati zile mtoto akiiba mkate aliweza kutiwa jela pamoja na wezi sugu. Basi akitoka, wizi hajauacha, ameuhitimu! Mwaka wa 1851 Mary akaandika kitabu kueleza kwamba mtoto mkosaji anahitaji shule na malezi, si pingu. Wala hakuishia kwenye maneno. Mwaka wa 1852 alianzisha shule ya kurekebisha tabia huko Kingswood, na mwaka wa 1854 ya wasichana katika nyumba ya Red Lodge, iliyonunuliwa na Lady Byron, mjane wa yule mshairi mashuhuri.

Mwaka uo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwapeleka wakosaji wa chini ya miaka 16 katika shule kama hizo. Lakini lo! Mtoto alilazimika kuonja jela kwanza, siku 14 nzima. Mary alilipinga sharti hilo kwa miaka mingi. Alifariki mwaka wa 1877 kabla ya kuona likifutwa. Lilifutwa mwaka wa 1899.

Ati hayo ni ya Uingereza tu? La! Shule zetu za kurekebisha tabia ni urithi wa mfumo huo ulioletwa na wakoloni. Na ni Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 iliyosema kuwa mtoto wa chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai. Awali ilikuwa miaka 8.

Kwa hivyo, ndugu zangu, siku mtakaposikia mtoto akipigiwa mayowe ya mwizi sokoni, msikimbilie mawe. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hakunjwi kwa kuvunjwa. Kalamu naiweka chini.