Mkwawa, Mtwa wa Wahehe

Hapo zamani nchi ya Uhehe, iliyo katika milima ya Iringa, ilikuwa na koo nyingi, kila ukoo na mkubwa wake. Munyigumba ndiye aliyeziunganisha kwa vita. Mwanawe Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855, naye hakuzaliwa akijua kuamuru watu. Alitazama matendo ya baba yake. Na mambo mengine Wahehe waliyapata kwa adui zao. Wasangu, wakaao upande wa Mbeya, walikuwa na vikosi vilivyopangwa kwa taratibu ya Wangoni. Wahehe wakapigana nao miaka mingi, na katika kupigana wakajifunza.

Munyigumba alipokufa mwaka 1879, Mwambambe, mmoja wa wakubwa wake, alinyang'anya utawala. Mkwawa akakimbilia Ugogo. Huko alikuwa mgeni asiye na kiti wala jeshi, na labda ndiko alikojua kwamba damu ya baba pekee haimpi mtu utii wa watu. Akakusanya wafuasi, akarudi, akamshinda Mwambambe.

Tarehe 17 Agosti 1891 Wadachi, wakiongozwa na Zelewski, walipita Lugalo na bunduki zao na mizinga. Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki tu, walikuwa wamejificha kando ya njia. Hebu fikirini, wanafunzi, jinsi ilivyo vigumu kwa maelfu ya watu kunyamaza hata adui awe karibu! Kisha wakawarukia. Zelewski akauawa, pamoja na askari zaidi ya 200.

Wadachi wakarudi kwa nguvu kubwa zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, ingawa kuta zake zilikuwa za mawe. Mkwawa akaingia msituni.

Watu husema kwamba alitiiwa kwa sababu ya ukali wake, na kweli alikuwa mkali sana. Lakini sasa hakuwa na jeshi la kumtisha mtu. Wadachi waliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta, na ilikuwa mali nyingi mno. Hata hivyo kwa karibu miaka minne wanakijiji walimpa chakula, wakamwambia njia za askari, nao waliadhibiwa kwa ajili hiyo. Wadachi wakamketisha Mpangile, nduguye Mkwawa, katika kiti cha utawala, wakidhani kwamba watu watakifuata kiti. Haikuwa hivyo. Mwaka 1897 walimshuku kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, wakamnyonga.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa aliye mgonjwa na amechoka alijipiga risasi, ili asikamatwe hai. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Udachi. Mwaka 1954 Gavana Twining alirudisha fuvu lililosemwa kuwa ni lake, akamkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi; nalo limehifadhiwa Kalenga.